Jagi la Maua ya Bluu

Jumamosi, hotelini ufukweni

Na kopo langu amelitoa kwenye begi, huyu mwanangu Rehema! Tulipoondoka nyumbani Lanham, huku Marekani, nililifunga vizuri ndani ya taulo. Kufika hapa, halipo.

"Baba, hoteli hii ina zaidi ya miaka mia. Utapita na kopo la chooni mbele za watu wa heshima?"

"Kwani watu wa heshima hawana makalio?"

Karatasi zipo, kasema. Nina miaka sabini na minne, sijawahi kumaliza haja kwa karatasi na sianzi leo.

Hoteli yenyewe inasifiwa uzee. Sakafu ikilia, watu wanapiga picha. Magoti yangu yakilia, naambiwa nikae nisisumbue.

Basi, chumbani kwangu kuna jagi la kauri la maua ya bluu, pambo la zamani. Nimelipangia kazi. Linafaa sana, ila nalishika kwa mikono miwili. Likivunjika, safari ijayo Rehema ataniacha Lanham na televisheni. Na bahari naipenda mimi, hata hii ya baridi. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jioni hii mlango umegongwa. Rehema, macho chini kama mwali.

"Baba, lile jagi lako... chumbani kwetu hakuna. Hebu niazime."

Nimemkumbusha kwamba hoteli hii ni ya heshima. Nimemwacha asimame hapo mlangoni akibana miguu, halafu nikampa.

"Shika kwa mikono miwili."