Usimkalie Usoni

Jumanne

Mama mkwe hakunigombeza, na hilo ndilo linalonisumbua.

Asubuhi manyunyu yalitukuta mwaloni Katonga, kando ya ziwa, dagaa wakiwa wametandazwa mchangani. Turubai halikutosha. Nikafunika waliobaki kwa kitenge nilichofungia mzigo, kile cha chama cha siasa ambacho mama mkwe alitoka nacho Kongo, chenye sura ya rais wao wa zamani katikati.

Mvua ilipokatika, mama mkwe akafika. Akakitazama, akakikung'uta, akakitandika ili tukae tuchambue dagaa. Mimi nikakaa katikati. Akanishika mkono, akaniinua taratibu.

"Usimkalie usoni, mwanangu. Watu walichukuliwa kwa hilo."

Akanisimulia huku anachambua, kwa sauti ya kawaida kabisa. Chama kilikuwa cha kila mtu, hata mtoto wa tumboni alihesabiwa mwanachama. Kila asubuhi kabla ya kazi walicheza ngoma ya kumsifu rais. Kaka yake aligoma kucheza, na hakurudi nyumbani. Kisha rais akakimbia, na kwa siku chache tu hakupatikana mtu aliyewahi kuwa mwanachama. Vitenge vikawa matambara ya kupigia deki.

"Sasa unaogopa nini, mama? Chama chenyewe kimekufa."

"Najua," akasema, akasogea akakaa pembeni, kwenye mchanga mbichi.

Jioni nimekifua kitenge, nikakianika uani. Nilishafika mlangoni, nikarudi kukigeuza.

Kichwa cha rais kilikuwa chini.