Nilikuwa Nimeweka Ndege

Shabani ndugu yangu,

Asubuhi hii nimefungua tableti yako. Betri ilikuwa imeanza kuvimba na kioo kimeinuka upande mmoja, na unajua mimi siwezi kuona betri imevimba nikanyamaza. Nikapasha gundi moto, nikapitisha kadi pembeni polepole, kioo kikatoka bila ufa. Kwenye ukingo wa ndani nikakuta mafuta. Mafuta ya nyama, meupe, yameganda kama yanayobaki kwenye sufuria ya supu ikipoa. Simu yoyote inayofika mezani kwangu lazima niipanguse kabla ya kuifunga, hata iwe ya mtu nisiyempenda. Yako nimeshindwa. Nimeweka betri mpya, nikarudisha kioo na mafuta yako yakiwa hapo hapo, kisha nikafunga kibanda saa nne asubuhi na wateja wawili wamesimama nje. Wamenisema vibaya kidogo wakaenda. Nimechukua daftari nikuandikie, kwa sababu kuna jambo ambalo kwa miezi minne nimelizunguka na sijakuambia.

Mafuta hayo ndiyo yaliyotukutanisha. Tulikaa majirani miaka mingi hapa Meru mjini, wewe na bucha yako, mimi na kibanda changu cha kutengeneza simu, ukuta mmoja kati yetu, na hatukuwa na zaidi ya salamu. Siku moja ukaja na simu ukasema kioo kimekufa sehemu ya chini, vitufe havisikii kidole. Nikakuuliza vitufe gani. Ukanionyesha kinanda. Kinanda kizima ndani ya simu, vitufe vyeusi na vyeupe, na juu yake vidude vya kuzungusha vya kugeuza sauti. Nilikuwa nadhani simu ni ya kusikilizia muziki, sikujua kuna mtu anakaa nyuma ya mizani ya nyama akiutengeneza. Kioo hakikuwa na ugonjwa wowote. Kilikuwa kimejaa mafuta ya mbuzi. Nikakipangusa, ukagusa, kikalia, ukacheka mpaka ukashika ukuta. Tangu siku hiyo ukawa unaweka limau kando ya sinki, na kabla ya kupiga unaosha mikono nalo mara mbili, unaikausha kwa taulo ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Wewe ndiye uliyeniwekea programu ya kwanza kwenye simu yangu. Ulinifundisha ukiwa umesimama pale dirishani, aproni ikiwa na damu, unaninyooshea kidole kupitia vyuma. Hiki kinafungua sauti. Hiki kinaifunika, inakuwa kama mtu anaimba akiwa ndani ya gunia. Hiki kinaiacha ife polepole. Mimi fundi wa simu, mtu anayezijua mpaka matumbo, nilikuwa sijui simu inaweza kulia namna hiyo. Na nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nilikuwa nabonyeza kila kitu. Uliniambia, "Fundi, kila chumvi uliyonayo si lazima uiweke kwa hii sufuria."

Shida yangu nyingine ilikuwa kuchelewa. Simu yangu ni ya kawaida, ukigusa kitufe sauti inatoka baadaye kidogo, ni kufumba na kufumbua tu, lakini inatosha kuharibu wimbo. Nilikuwa natafuta dawa ndani ya mipangilio, napunguza hiki, nazima kile. Ukachoka kuniangalia. "Hiyo simu yako huchelewa, Fundi. Haitabadilika. Sasa wewe gusa mapema, usikuwe kama hiyo." Nikajifunza kugusa kabla ya wakati. Mpaka leo vidole vyangu vinatangulia, hata nikipiga meza tu.

Halafu ile siku uliyoweka simu kando ya gogo la kukatia nyama ukarekodi shoka likishuka. Sauti hiyo ukaipunguza kasi, ukaiteremsha chini, ukaifunika kidogo, ikawa ngoma. Ngoma nzito ambayo hakuna mtu mwingine Meru nzima aliyekuwa nayo. Tuliiita Gogo. Watu walikuwa wanatuuliza tumeitoa wapi na wewe unawaambia ni siri ya kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa watu wawili na spika za kuazima.

Unakumbuka ile harusi ya Timau? Lazima unakumbuka. Baridi ile, bibi harusi anafanya kazi shamba la maua, wenzake wote wamevaa sare za kitenge na juu yake makoti mazito. Wakati huo hukuwa na tableti, ulikuwa unapiga kwa simu yako, na waya umeenda moja kwa moja kwenye spika. Bibi harusi ameshika mkono wa baba yake, wako katikati ya hema, wewe umeshikilia ile sauti ndefu ya kuwaingiza. Simu ikaingia. Sauti ikakatika, na kidole chako kilichokuwa kwenye kitufe kikaipokea bila wewe kutaka. Hema zima likasikia mama mmoja: "Shabani, uliniwekea ile matumbo? Usiuzie mtu, nakuja." Baba wa bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka. Wewe hukucheka. Tulipokuwa tukirudi, tukifika mtaani kwetu Kinoru, ukasema kuanzia leo hakuna mtu anagusa kitufe kabla hajaweka ndege.

Ndiyo ikawa sheria yetu. Ile alama ya ndege, ukiibonyeza simu inakata mtandao, hakuna anayekupata mpaka uitoe. Ulikuwa unaniuliza kila mara kabla ya wimbo wa kwanza, hata mbele ya mchungaji, hata mbele ya shehe: "Fundi, umeweka ndege?" Nami nakuinulia simu uone.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Ile harusi ya Karurumo, kule Embu, tulikuwa tumekubali sote wawili, kabla kifua chako hakijaanza kukusumbua. Ijumaa jioni nilikuja kwako. Ulikuwa umeketi kwenye mkeka, mto nyuma ya mgongo, unapumua kwa kazi. Nilisema naghairi. Ulikasirika, na wewe hukuwa mtu wa kukasirika. Ulisema watu wa Embu watatuonaje. Ukanipa tableti, ukanionyesha umeshapanga sauti zote kwa mfuatano, ya kuwaingiza, ya chakula, ya keki. Nilipofika mlangoni ukaniuliza kama najua cha kufanya kabla ya kuanza. Nilikujibu kwa mzaha. Nilisema, "Mimi si mtoto, Shabani." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, na kila nikiyakumbuka nataka kujipiga kofi.

Jumamosi saa nne kamili, chini ya hema pale Karurumo, niliweka ndege. Laini zangu zote mbili ziko kwenye simu moja, zikazimika pamoja. Tableti ilikuwa ngoma na sauti ndefu, simu yangu ilikuwa besi. Nikapiga. Nilipiga vizuri, ndugu yangu, na hilo ndilo linaloniuma. Sijawahi kupiga vizuri vile. Kila wimbo nilikuwa nawaza nitakavyokusimulia nikirudi.

Nilitoa ndege saa kumi na moja, watu wakianza kukunja viti. Ujumbe ukaanza kuingia, ule wa kukuambia nani alikutafuta ukiwa hupatikani. Namba yako, saa nne na nusu. Namba yako tena, hapo hapo. Halafu namba ya mkeo, Mama Zuhura, mara tisa. Nikampigia nikiwa bado nimeshika waya mkononi. Akapokea mara moja, akasema, "Fundi, tumeshamzika."

Sikuelewa. Nilimwuliza amezikwa nani. Kwetu mtu akifa tunakaa naye wiki nzima, zaidi hata. Tunakutana kila jioni, tunaimba, tunachapisha picha yake, tunagombana juu ya nani atasoma historia yake. Nilijua nyinyi Waislamu hamngoji, tumezika wazee wenu mimi nikiwepo, nimesimama nyuma na viatu mkononi. Lakini nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba asubuhi unaweza kuwa na rafiki, na jioni hana hata uso wa kutazamwa. Ulikata roho saa tano na nusu. Wakakuosha, wakakuswalia baada ya alasiri, wakakuteremsha. Nimepiga hesabu ya saa mara nyingi. Wakati wanakufukia, Karurumo walikuwa wanakata keki, na mimi nilikuwa napiga Gogo. Shoka lako, mkono wako, kwenye spika mbili kubwa, na wageni wanapiga makofi.

Nilifika kaburini asubuhi ya Jumapili. Udongo ulikuwa umeshatulia. Nilikuwa nimejifunza kwako kutangulia, na siku ile moja nikachelewa kuliko simu yangu.

Miezi minne sikumwuliza Mama Zuhura ulinipigia kunitaka nini. Niliogopa. Nilikuwa nimejitungia mambo: kwamba ulitaka nikupeleke hospitali, kwamba ulikuwa unaniita na mimi sipatikani, kwamba uliondoka ukidhani nimekutupa. Nilikuwa namsalimu nikiangalia chini. Wiki iliyopita nilimrudishia tableti, nikamwambia ni mali ya nyumba yake. Akairudisha mikononi mwangu. "Kaa nayo, Fundi. Huku nani ataijua?" Halafu nikamwuliza. Sijui nilipata wapi nguvu.

Akaniambia ulipiga mara mbili. Mara ya kwanza ukamsikia yule mwanamke wa kwenye simu akisema mteja hapatikani. Ukapiga tena kuhakikisha. Ukaweka simu kifuani, ukamtazama mkeo, ukasema, "Ameweka ndege. Yuko sawa huyo." Ukalala ubavu. Hukutaka kitu kingine.

Ulipiga kunikagua tu. Mtu anapumua kwa shida namna ile, anatumia pumzi yake kuangalia kama nimeshika sheria.

Mama Zuhura alidhani ameniponya kwa kuniambia hivyo, na sikumwonyesha kingine. Lakini wewe nitakuambia ukweli. Ningeona afadhali ungenitukana. Ningeona afadhali simu ingelia katikati ya harusi ile, ingekata wimbo, watu wote wakageuka, na sauti yako ikatoka kwenye spika ikiniuliza upuuzi wowote. Ningeaibika mbele ya Embu yote na ningekuwa na sauti yako. Nilishika sheria yako sawasawa, na haikunisaidia kitu. Nakulilia, Shabani. Mtu mzima, ndani ya kibanda kilichofungwa, na nimelowesha daftari.

Basi nikupe habari. Bucha haikufungwa. Mama Zuhura anasimama mwenyewe nyuma ya gogo, amevaa aproni yako imekunjwa mara mbili kiunoni. Wazee walisema sana mwanzoni, sasa wananunua. Mkono wake ni mwepesi kuliko wako, anakata haraka, hafuati mapigo yoyote, na mimi upande huu wa ukuta najikuta namhesabia. Limau bado liko kwenye sinki. Sijamwuliza kama ni yeye anayelibadilisha au ni lile lile. Tableti yako inaniomba kila siku niibadilishie programu niweke mpya, nami naikatalia, kwa sababu naogopa sauti zako zitapotea. Nimezihifadhi mahali pengine patatu, na bado naogopa.

Sijapiga popote tangu Karurumo. Mwezi ujao kuna harusi hapa Kinoru, wameniomba mara tatu, na leo baada ya kufunga kioo chako nimewaambia ndiyo. Nitapiga. Gogo itakuwepo. Na nakuahidi hili, na wewe unajua siahidi ovyo: kabla ya kuweka ndege nitapiga simu. Nitampigia Mama Zuhura kwanza, nimwulize wameamkaje, nimwambie niko wapi na nimpe namba ya mtu aliye karibu yangu atakayeweza kuja kunishika bega. Halafu ndipo niweke. Sheria yako nimeiongezea hapo tu, na naamini usingenikatalia.

Lala salama, jirani yangu. Nisamehe kwa lile neno la mlangoni. Nilikuwa mtoto kabisa, na nilihitaji kukaguliwa.

Naenda kufungua kibanda sasa, watu wanagonga. Simu yangu iko juu ya meza. Nimeitoa ndege, na sauti nimeipandisha mpaka mwisho.

Wako,
Fundi