Chumba Kilichosimama Mbele ya Tela

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile jicho lililokuwa likikuwasha kwa vumbi la barabarani limepona. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, ila mgongo unamsumbua akiinama sana. Baba naye yupo. Goti lake la kushoto limevimba kwa sababu ya klachi, lakini ukimuuliza anasema ni viatu. Mimi ninasoma kwa bidii, ingawa hesabu zinanitoa jasho.

Mwalimu ametufundisha kwamba sababu ya kuandika isemwe mapema, msomaji asihangaike. Nitajitahidi, lakini sababu yangu ni ndefu kama tela lenyewe, nami sijui nianzie shingoni au mkiani.

Tela bado lipo uani, pale pale ulipoliacha. Lile jingine la saruji linatoka kila siku na Baba, ila hili la chini, la kubebea mashine nzito, halijasogea hata kidogo tangu uondoke. Mama anaanika nguo juu yake. Kuku wanataga chini ya ekseli. Mimi ninasomea pale kwenye shingo yake, linapounganishwa na gari, kwa sababu ndani limeziba dirisha na hakuna mwanga. Watoto wa mtaa wamempa Baba jina la Mzee Stesheni, na akipita wanamuuliza treni inaondoka saa ngapi. Baba hujifanya hasikii. Kila jioni analizunguka, anagonga matairi kwa chuma, anapaka grisi mahali ambapo grisi ya jana bado inang'aa.

Si kwamba hakutafuta kazi. Alikwenda kwa wakandarasi wa barabara, wakamwambia wana matela yao. Mmoja alimpa kazi ya kupeleka mtambo mbali sana, lakini Baba alipopiga hesabu akaona mafuta ya kurudi tupu yangemeza faida yote, akaiacha. Watu wengine walikuja kuomba awabebee makochi na viti vya harusi. Akawafukuza, akisema hili si mkokoteni. Mama akamjibu kwamba mkokoteni walau unatoka nyumbani.

Kaka, nyumba yetu imekuwa finyu kwa sababu ya kitu kilichoko nje yake. Tukitaka kufika mlangoni tunapita ubavu. Na hakuna anayethubutu kutaja habari za kuliuza, kwa sababu ya maneno uliyoyasema siku ile ukiwa na begi begani: kwamba Baba analipenda tela kuliko wanawe, na kwamba siku litakapotoka uani ndiyo siku utakayorudi. Wewe ulisema, ukaenda. Sisi tuliobaki tumekula na maneno hayo meza moja.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Shuleni kwetu kumechimbwa shimo la vyoo vipya, na kazi ile ilifanywa na kijiko, ile mashine ya kuchimba yenye mkono mrefu. Shimo likaisha, lakini kijiko hakikuondoka. Kikakaa katikati ya uwanja wa michezo kama mgeni aliyesahau kuaga, tukawa tunacheza mpira wa pete kwa kukizunguka. Dereva wake alikuwa analala chini ya kivuli chake mchana kutwa. Nikamuuliza kwa adabu kwa nini hawaendi. Akalalamika kwamba bosi wake ana vijiko viwili na kazi tele, za misingi na mabwawa, lakini kila vikitaka kuhama wanahangaika kutafuta tela la chini, na hilo moja wanalokodi hutoka mbali na huja likijisikia. Nikamwambia sisi tunalo, tena linapakwa grisi kila siku. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Aliniuliza kama nina uhakika ni tela, lisije likawa toroli la kubebea mchanga. Nikamtajia idadi ya ekseli na matairi kama ulivyonifundisha, akaacha kucheka.

Nilipofika nyumbani nikasema nimepata kijiko kinachotafuta gari. Mama akauliza tangu lini kijiko kinapanda gari, kwani uma umekataa kutembea nacho? Lakini Baba alisimama wima kana kwamba goti halijawahi kumuuma.

Bosi alikuja mwenyewe. Ni mtu mnene, mpole, anayefuta jasho kwa kitambaa cha mkononi. Alilizunguka tela, akainama kutazama chini, akasifu. Akamweleza Baba kwamba vijiko vyake hupokezana: kimoja kikipelekwa kwenye kazi, kingine kinarudishwa kutoka kazi ya jirani. Maana yake tela lingekwenda na mzigo na kurudi na mzigo. Baba alitabasamu, kaka. Nilikuwa nimesahau ana pengo. Mama akaanza kuondoa nguo kwenye tela hata kabla hazijakauka.

Ndipo yule bosi akageuka huku na huku, akauliza linatokaje.

Unakumbuka lilivyoingia: ulilirudisha nyuma wewe mwenyewe, ukalikatia kona kwenye kiwanja kilichokuwa wazi cha jirani yetu Baba Mapacha. Siku hizi pale pana ukuta, na nyuma ya ukuta pana duka la mkewe lenye ghorofa juu. Tumepita kando ya ukuta ule kila siku na hakuna aliyewaza, kwa sababu tulikwisha kulizoea tela kama mtu anavyozoea kisima. Nani huuliza kisima kitatokaje? Bosi alidhani tunatania. Alipoona hatucheki, akasema atatusubiri mpaka kile kijiko kingine kimalize bwawa kinalolichimba sasa, baada ya hapo atatafuta kwingine.

Njia iliyobaki ni moja, kulivuta moja kwa moja mbele hadi barabara kubwa. Na mbele, kaka, pamesimama chumba chako.

Bosi alikiona, akauliza nani analala humo. Mama akasema ni mwanawe. Akasema mbona anakiona kitupu, kina kitanda tu. Mama akajibu kwamba ndiyo, ni kitupu, ni cha mwanawe. Anakifagia bado. Lile dirisha ulilolijenga likaenda upande, tukakucheka, ameliwekea pazia.

Jioni yake Baba alikuja kukaa nami pale shingoni. Nilidhani ataulizia masomo. Badala yake aliniambia jambo ambalo Mama hakuwa analijua, nami nakuandikia kwa sababu naona ni lako kuliko letu. Wiki ile ile uliyoondoka, Baba Mapacha alikuja kumuuliza kama tela litahitaji kiwanja chake kugeuzia, kwani alitaka kujenga. Baba alikuwa bado anachemka kwa maneno yako. Akamwambia ajenge tu, hilo halitoki. Baba Mapacha akauliza tena, kwa uungwana, na Baba akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Alikuwa anakujibu wewe, kaka. Ila hukuwepo, jibu likamwangukia jirani. Alisema aliuona ukuta ukipanda kila asubuhi akienda kazini, na kila asubuhi alitaka kusema neno, lakini midomo ilikataa. Sasa naelewa kwa nini mtu mmoja aliyekuja mwaka jana kutaka kulinunua tela alifukuzwa kabla hajafika uani: angeuliza linatokaje.

Kesho yake Baba aliazima nyundo kubwa kwa fundi. Mama alidhani anakwenda kukivunja chumba, akaingia ndani asione. Baba akaiegemeza nyundo mlangoni kwako, akarudi kukaa. Akasema chumba kile hakivunji yeye wala fundi. Aliyekijenga ndiye atakayepiga la kwanza. Nikamuuliza kama niandike kwamba anakuomba urudi. Akasema yeye hajasema hivyo. Alichosema ni kwamba nyundo ni nzito na goti lake halina nguvu.

Halafu akaniuliza kama nina bahasha.

Barua hii nampa Mzee Breki, dereva wa gari jingine la saruji, maana anasema mnakutana naye mizani, pale magari yanapopimwa uzito. Kitanda chako tumekihamishia chumbani kwangu na kimetandikwa. Mimi nitalala sebuleni, usinionee huruma, huko mwanga unaingia. Ukija, vaa viatu vigumu, kutakuwa na vifusi.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama bado huli vitunguu. Baba hakunipa salamu za kuandika, ila amesimama nyuma yangu anatazama kama nimemaliza.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku