Siku Mama Alipopanda Ubao Minago

Rumonge, Jumamosi, 5 Julai. Jua la leo lilikuwa la vumbi tangu asubuhi, milima ya Kongo haikuonekana kabisa, na nguo zangu zote zinanuka ziwa.

Shajara yangu, leo nina furaha ya kijinga. Nimeunguza maharage ya jioni na sikujali. Mama ameyala hivyo hivyo na kuomba ya kuongeza.

Nianze na kazi, maana kazi ndiyo iliyotupeleka. Mimi na mwenzangu Dezire tuna mbao mbili za kuelea, zile za kujazwa hewa, ambazo mtu husimama juu yake na kupiga kasia. Wageni wanaotoka Bujumbura mwisho wa wiki huzikodi, na swali lao la kwanza ni lile lile: twende wapi penye kupendeza? Nikaahidi kuwaandikia hapa kwenye blogu.

Kigwena nilikuwa nimeshapaandika kichwani. Unafuata msitu ukiwa majini, mapema kabla upepo haujaamka, na nyani wanakutazama kutoka mitini wakijiuliza huyu naye ametoka wapi. Gatete pia pazuri: matete, ndege weupe, wavuvi wakirudi na ndagala, dagaa wa huku. Ila uulize kwanza habari za viboko, maana wao hawangoji zamu. Ilibaki Minago, ambako milima inashuka mpaka karibu iguse maji.

Leo ilikuwa siku ya Minago, na sikupanga kwenda na Mama.

Mama anaishi Kigoma. Huko ndiko nilikozaliwa, mtoto wa wakimbizi, na hapa Rumonge nimehamia ukubwani. Yeye alizaliwa huku, upande wa Minago, wiki ile ile ya sherehe za uhuru. Husimulia kwa majivuno kwamba baba yake alikuwa mjini akicheza ngoma na kupeperusha kibendera cha karatasi, akarudi nyumbani akakuta mtoto. Ndiyo maana kila tarehe mosi Julai hujiona kama gwaride ni lake. Mwaka huu amekuja kulitazama mwenyewe. Alisimama juani tangu mwanzo mpaka mwisho akilipigia makofi kila kundi lililopita, hata wale waliokuwa wanavuka barabara tu.

Lakini gwaride lilikuwa kisingizio. Mama alikuja kutafuta jiwe.

Mwaka wa sabini na mbili, ule wa mauaji, ambao watu wa hapa huuita ikiza, yaani janga, kisha hunyamaza, alikuwa hajatimiza miaka kumi. Waliondoka asubuhi kwa mtumbwi wa baba yake, wamejazana na majirani. Bibi yangu Sabina hakupata nafasi. Alisema atangoja mtumbwi urudi. Akapanda juu ya jiwe bapa lililokuwa ufukweni, mbele ya nyumba yao, akasimama hapo. Mama alikaa mwisho wa mtumbwi akiwa ametazama nyuma, akamwangalia mama yake mpaka akawa mdogo, mpaka akawa haonekani. Babu aliporudi kumchukua, jiwe lilikuwa tupu. Hawakumwona tena, wala hakuna aliyewahi kuwaambia yalimpata nini.

Hakuna kaburi. Hakuna hata picha. Kuna hilo jiwe tu.

Mama analijua kwa alama yake. Bibi alikuwa akilitumia kuvunjia mise, zile kokwa ngumu za michikichi, na miaka ya kugonga mahali pamoja ilichimba kishimo. Pembeni yake kulikuwa na kingine kidogo, cha Mama, kwa sababu naye alipewa kijiwe chake cha kugongea ili asiwasumbue wakubwa. Kikubwa na kidogo, vimekaa karibu.

Basi wiki hii yote tumezunguka Minago kwa pikipiki na kwa miguu. Watu wametupokea vizuri mno. Tukieleza haja yetu, wanakuna vichwa.

"Mawe iko mingi hapa, mama. Wewe unataka ya namna gani?"

Kisha wanatuonyesha. Mama ameonyeshwa mawe ya kila umbo, naye anayakagua kama mtu anayenunua nanasi sokoni. Analigonga moja, analizunguka, anatikisa kichwa. Bwana mmoja alikuwa na hakika kwamba jiwe la uani kwake ndilo lenyewe. Lilipokataliwa alihuzunika kuliko sisi, ikabidi tunywe chai yake ili kumliwaza. Nyumba ni mpya, barabara ni mpya, michikichi ya zamani imekatwa na mingine kupandwa. Mama hakutambua hata kona moja.

Alhamisi jioni alivua viatu mlangoni, akakaa, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Labda niliota, mwanangu. Labda hakukuwa na jiwe."

Nilijua maana yake. Kama jiwe liliotwa, basi na mama yake aliyesimama juu yake aliotwa, na yule ndiye pekee aliyebaki naye. Na nikiri hapa, maana hapa sidanganyi: mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini hivyo. Jana nikamkatia tiketi ya kurudi, ya basi la kesho Jumapili.

Leo alfajiri nilimwambia apumzike, mimi nina kazi ya kupiga picha. Akaniuliza nani atakayeniona nikianguka majini. Nikamwambia Dezire. Akasema Dezire ni mwanamume, ataanza kuokoa mbao.

Tukaenda watatu.

Pale Minago, Dezire alijaza hewa huku Mama akimsimamia. Alipoona kitu chenyewe kimekamilika, akacheka mpaka akashika kiuno. Hivi watu wazima wanalipia pesa kusimama juu ya godoro?

"Mama, usicheke planshi yangu," Dezire akamjibu. "Hii haiwezi kuzama hata kidogo. Iko na hewa mingi ndani. Wewe ikaa tu, usimame hapana."

Sikuamini macho yangu alipofunga kitenge vizuri, akakubali kuvishwa jaketi la kuelea juu ya blauzi yake ya misa, na kuketi mbele ya ubao kama yuko sebuleni. Ila alikataa kutazama mbele. Alisema huko mbele hakuna cha kuangalia ila maji, naye amekuja kuniangalia mimi. Basi akaketi akinielekea, kisogo chake Kongo, uso wake ufukweni, nami nikasimama nyuma nikapiga kasia kuelekea ziwani, Dezire akitufuata kwa ubao wa pili.

Ziwa lilikuwa limelala. Ukiliona Tanganyika la asubuhi namna ile, huwezi kuamini makelele yake ya mchana. Mama alikuwa ananikosoa tu. Mgongo wangu umepinda. Nimekonda. Yule mwalimu wa Gatete aliyekuwa ananipigia simu ameishia wapi? Nilikuwa najiandaa kumjibu kuhusu mwalimu, akanyamaza katikati ya neno.

Nikadhani anaumwa. Alikuwa hanitazami tena. Alikuwa anatazama nyuma yangu, juu.

"Simama," akasema.

Nikageuza shingo. Kulikuwa na milima miwili mikubwa, na katika pengo lake kilikuwa kimeanza kuchomoza kilima kidogo, kimelala kama mtoto kati ya wazazi. Nimepita Minago mara nyingi kwa barabara na sijawahi kukiona, kwa sababu ukiwa nchi kavu milima ya mbele inakificha. Mama hakuwahi kunitajia habari zake. Nadhani hakujua kwamba anakikumbuka.

"Kilikuwa juu ya kichwa cha mama yangu," akasema. "Katikati kabisa."

Wiki nzima tulikuwa tunapatafuta nyumbani kwao kutokea barabarani, na yeye mara ya mwisho alipaona akiwa majini.

Kuanzia hapo aliniendesha. Kushoto. Zaidi. Umepitiliza, rudi. Kilima kilipokaa sawasawa katikati ya wazazi wake, akaniamuru ninyooshe moja kwa moja mpaka pwani. Nikageuza ubao, naye akataka kugeuka ili aendelee kutazama milima. Akageuka kwa makalio, kidogo kidogo, kama kuku anayetafuta pa kutagia, ubao ukayumba, nikapiga magoti, tukanusurika. Dezire alikuwa anatupigia kelele kwa Kirundi na Kifaransa kwa pamoja.

Tulipokaribia nikaingiwa na huzuni. Hapakuwa na ufukwe wowote. Miaka hii ziwa limepanda na kumeza mashamba na nyumba za watu, na pale palikuwa na vigogo vya michikichi iliyokufa imesimama majini, na ukuta uliobaki nusu. Hakuna jiwe. Mama naye aliona. Mabega yake yakashuka.

Nilikuwa bado nimesimama. Na huo ndio uzuri wa ubao huu, ambao wageni hawauelewi mpaka wapande: ukisimama juu yake maji yakiwa yametulia, unaona chini kana kwamba hakuna maji. Mchanga mweupe. Visamaki. Kivuli changu na cha Mama.

Kisha kitu kipana, cheusi, bapa.

Sikutaka kusema kabla ya kuwa na hakika, maana sikuweza kumwonyesha jiwe lingine la kukataa. Nikauzuia ubao kwa kasia, nikainama. Kulikuwa na kishimo. Kimejaa mchanga, lakini mviringo wake ulionekana wazi.

"Mama," nikasema, "angalia chini."

Hakuangalia. Aliteremka. Mwanamke ambaye tangu utoto wangu alitukataza kuingia ziwani kupita magoti aliteleza kutoka kwenye ubao na kitenge chake kikavimba kama puto, Dezire akapiga yowe, na Mama akasimama. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa amesimama juu ya jiwe.

Akafumba macho. Nikamwona anapapasa kwa mguu, polepole, kama mtu anayetafuta ndala gizani. Kisha akatulia.

"Hiki cha Mama," akasema.

Akapapasa tena, pembeni kidogo.

"Na hiki changu. Kidole gumba kinaenea." Akaniangalia, machozi na maji ya ziwa hayakutofautishika. "Sikuota! Unasikia wewe? Sikuota!"

Akaanza kucheka. Alicheka, akapiga maji kwa viganja, akamrushia Dezire, akanirushia mimi, akaimba kitu cha Kirundi ambacho sijawahi kumsikia akiimba. Nami nililia na kucheka kwa pamoja, nikaanguka majini kama alivyotabiri, na nilipoibuka alikuwa ananinyooshea kidole: nilikuambia! Nikasimama naye juu ya jiwe, mabega yamegusana. Niliingiza kidole changu cha mguu kwenye kishimo cha bibi yangu. Sikuwahi kumgusa kwa namna nyingine yoyote.

Kisha Mama aligeukia ziwani, upande ambao mtumbwi wao ulipotelea. Midomo yake ilikuwa inacheza, na mwishoni alitabasamu na kupunga mkono, mpole kabisa, kama anavyompungia mtu aliyefika salama.

Mtumbwi wa wavuvi ukapita karibu, wakashangaa kumwona bibi wa watu amesimama majini na jaketi la rangi ya chungwa.

"Amahoro, mama! Iko shida?"

"Hakuna shida, wanangu! Hapa ni kwetu!"

Wakatazamana. Mmoja wao akapunga kasia.

"Karibu kwenu, mama! Lakini kwenu iko na maji mingi!"

Walicheka mpaka mtumbwi ukatikisika, na Mama akacheka kuwapita wote.

Njiani kurudi nilimwambia kwamba Minago sitapaandika. Patabaki petu. Akanikasirikia kweli kweli. Akasema tangu mwaka ule hakuna mtu aliyewahi kupataja mahali pale, kwa sababu waliokuwa wanapataja waliondoka wote, sasa nami nataka kupafungia kabatini? Zamani watu walikuwa wanasema twende kwa Sabina, kununua mafuta, kupiga soga, kuogesha watoto. Niandike. Niwaambie waje asubuhi, wasije na makelele, na wasimame juu ya mbao zao waangalie chini.

Basi naandika. Wasomaji wangu mnaouliza pa kwenda: Kigwena, Gatete, na kaskazini zaidi, Minago. Mkiwa majini rudini nyuma mpaka mwone milima miwili na mtoto wao katikati, kisha nyoosheni mpaka kwenye michikichi iliyosimama majini. Hapo panaitwa Kwa Sabina.

Sasa kitenge kimeanikwa dirishani, kinadondosha maji sakafuni, na Mama yuko kitandani kwangu akijifunza kwa mdomo namna ya kusimama juu ya ubao bila kuanguka, maana leo, anasema, alikaa tu. Nimemkumbusha kwamba basi la mpakani linaondoka kesho asubuhi.

Amesema liende salama.