Kelele za Saa Sita Mchana

Jumatatu, 12 Mei

Asubuhi ukungu mzito, baridi. Mpunga umelowa umande, kweleakwelea, ndege wala mpunga, wamechelewa.

Msimu wa pili huu tangu Baraza la Akina Baba lilipotutoa shule. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Amri yao ni fupi: msichana kazi yake kuamia ndege, mpaka aolewe. Kwa hiyo nipo juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya mpunga, napiga debe langu kuwafukuza. Mzee Theodori, msimamizi wetu, anapita barabarani na baiskeli, hashuki. Anasikiliza tu. Dungu likilia, mwenyewe yupo!

Leo dungu la jirani yangu Siwema limelia vizuri sana. Yeye hayupo. Tumefunga kamba kutoka kwangu hadi kwenye debe lake — navuta huku, linalia kule. Siwema yuko kwenye matete kwa Mwalimu Getrude, anayetufundisha kwa siri, anasoma hesabu. Zamu yangu keshokutwa.

Jumatano, 14 Mei

Jua kali tangu asubuhi. Milinganyo nimepata yote! Mwalimu Getrude alitaka kupiga makofi, akakumbuka tumejificha.

Nimerudi nikakuta balaa. Siwema alivuta kamba mfululizo, hadi saa sita mchana. Saa sita! Ndege wote wako kivulini, hata mtoto mdogo anajua. Mzee Theodori akashuka kwenye baiskeli. Mnafukuza ndege gani saa hizi?

Siwema: Shikamoo babu. Nafukuza usingizi.

Marahaba. Na mwenzako?

Ameenda chooni.

Mzee akaishika kamba, akaifuata kwa macho hadi dungu langu, tupu. Akaikata kwa panga. Kelele za saa sita ni za dungu tupu, kasema. Akizisikia tena, mwenye dungu anaozwa, anapelekwa kwa mume kijiji cha Mkula kabla ya mavuno.

Siwema amelia njia nzima. Jioni nikamweleza mama kila kitu, hata matete. Nilitegemea kofi. Mama akaendelea kupepeta mchele. Halafu: kumbe anasikiliza madebe tu, huyu? Akajifunga kitenge, akatoka kwenda kwa jirani.

Alhamisi, 15 Mei

Mawingu asubuhi, baadaye jua. Mama kanituma kwa Mwalimu, na Siwema pia. Wote wawili! Nikauliza, na madungu? Kaniambia, wewe nenda.

Saa sita tukasikia, tukatoka kuchungulia. Sufuria! Kwenye kila kibanda cha shamba akina mama wanapiga sufuria kwa miko, ugali haujasongwa. Kulia, kushoto, hadi upande wa Idete. Angani hakuna ndege hata mmoja. Mzee Theodori kasimama barabarani, mguu mmoja chini, anageuza shingo huku na huku, hajui tena dungu lipi ni tupu. Sufuria ya mwisho kuanza ilikuwa ya Bibi Natalia, mke wake. Mzee akamfokea, wewe umechanganyikiwa? Bibi akapiga kwa nguvu zaidi: nafukuza usingizi, baba!

Siwema alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Jioni taarifa imekuja. Baraza linakaa Jumamosi, mabinti wote wa madungu twende na mama zetu. Mama kasema tutaenda, na sufuria atabeba. Sasa hivi anasuka kamba mpya, ndefu kuliko ile. Ameniuliza kwa sauti ndogo, Levina, huko kwenye matete, mtu mzima anaruhusiwa?

Nimemwambia zamu yake kesho. Saa tatu usiku sasa. Nalala.