Jina la Aliyenifundisha

Singida mjini, 3 Machi 2025

Mjomba Mughwai, shikamoo. Kaa kwanza, maana anayekuandikia ni fundi ambaye ukuta ukimwona unajinyoosha wenyewe. Bibi hajambo?

Serikali inatupima sisi mafundi tuliojifunzia mtaani. Ukifaulu unapewa cheti. Mkandarasi wa sekondari mpya amesema wazi, bila cheti hakuna kazi. Fomu nimempa kondakta wa basi la huko, weka saini pale chini. Fanya haraka!

Mpwa wako,
Chrispin

Kinampanda, 9 Machi

Marahaba. Tupo, ila bibi yako magoti yanamsumbua.

Fomu nimeiona. Palipoulizwa nani alikufundisha, umeandika “Kipaji”. Miaka minne umekaa kwangu, ukuta wako wa kwanza ukatoa tumbo kama mbuzi mwenye mimba, tukaubomoa mara tatu. Huyo Kipaji alikuwa wapi? Basi asaini yeye. Andika jina langu, nami nitasaini siku hiyo hiyo.

Mjomba wako

Singida, 20 Machi

Shikamoo Mjomba. Bibi mpe pole.

Saini yako baki nayo! Nilitoka kwako na mwiko mmoja na kandambili, shukrani gani unataka? Jana nimepimwa. Mkaguzi kaweka pima maji kwenye kona yangu, akabaki anakuna kidevu. Fomu nyingine nimejaza, wameipokea. Anza kuzoea kuniita Bwana Fundi.

Mpwa wako,
Chrispin

Kinampanda, 2 Aprili

Chrispin, huku wazima.

Hasira ziliniisha, nikasema mtoto asikose kazi kwa ajili yangu. Juzi nikapanda gari hadi ofisi yao huko mjini, na barua ya mtendaji wa kijiji, kwamba mimi ndiye niliyekufundisha. Nilipotaja jina, karani akakimbia kumwita mkubwa wake. Wakageuza geuza kitambulisho changu, wakaitoa fomu yako, wakaiweka pembeni. Kosa hawakuniambia. Umeandika nini humo?

Mjomba wako

Singida, 11 Mei

Shikamoo Mjomba. Natumaini bibi anatembea.

Wamenifuta. Sawa tu! Awamu ijayo nitarudi, na kona yangu itasimama vilevile. Mkandarasi kachukua watu wanaoshika mwiko kama kijiko cha uji. Mimi nawabebea zege, na bado nawakosoa.

Ila umeuliza. Waliniambia fomu haipokelewi bila saini ya mwalimu, labda awe hayupo duniani. Nikaandika jina lako, Mjomba, kamili, na la babu. Mbele yake nikaandika “marehemu”. Karani akanipa pole. Nikaipokea.

Mpwa wako,
Chrispin