Salamu Zetu za Asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini na wewe sijui kuanza vingine.

Nimekaa Likoni, kizingitini kwako. Nimekuja kuchukua funguo, maana kaka Rama ameona nyumba isikae tupu, tutapangisha. Kuku wako wamehamia kwa jirani yako Bi Mwanasiti, ati wanataga mpaka kitandani. Kwenye feri watu wanabanana kama zamani, barakoa hakuna, na ule mtungi wa kunawia mikono pale msikitini umepandwa kivumbasi. Nilipouona nilipandwa na hasira, wala sijui nilimkasirikia nani. Unanijua mwanao.

Mama, kuna jambo nimelibeba tangu mwaka ule wa korona, na leo limekuwa zito zaidi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipigia kila asubuhi? Mimi kule Miritini nakaanga viazi karai vya madereva wa malori, simu nimeibana kwa bega, wewe hujali. Hujambo, watoto hawajambo, mumeo je, majirani je, mpaka viazi vinaungua. Na jawabu letu sote moja: salama, alhamdulillahi. Kwetu mtu hata awe hoi kitandani, akisalimiwa atasema hajambo kwanza. Nilipovunjika mkono nikiwa mdogo, ulinitanguliza nikamwamkie shangazi kabla ya kupelekwa hospitali. Nikasema sijambo, machozi yananitoka. Ukanisifu mbele za watu.

Basi nilipougua, nikaambiwa nijifungie chumbani wiki mbili, sikukwambia. Nilijua ungevuka feri. Ungevuka na leso yako mdomoni uje unifukize kwa mwarobaini, na presha yako ile. Kwa hiyo kila asubuhi simu ikilia nilikohoa kwanza nikamaliza, nikanywa maji ya moto, ndipo nikapokea. Salama, mama. Biashara inakwenda. Ukaniuliza, "Mbona huji, Mishi? Nina hamu nawe." Nikakujibu nina kazi nyingi, nikipata nafasi nitakuja.

Nikipata nafasi! Wallahi heri ulimi ungenikatika. Ukasema, "Haya mwanangu, kazi kwanza."

Siku zile ulianza kukata simu mapema. Ati una nazi jikoni, tui litakatika. Na mimi nilifurahi, mama. Nilifurahi ukikata, nipate kukohoa.

Kisha asubuhi moja simu ikalia, nikakohoa nikamaliza, nikapokea. Alikuwa kaka Rama.

Sikukuosha. Binti yako wa pekee, sikukumwagia hata kata moja ya maji. Walikuja watu wamejifunika nguo nyeupe mpaka machoni, wakakuchukua, wakakuzika kabla ya adhuhuri, na Rama wakamsimamisha mbali kama mpita njia. Khitma yako niliisikiliza kwenye simu, nimekaa sakafuni peke yangu, mtandao unakatika katikati ya dua. Nikaitikia amina pasipo pake.

Leo Bi Mwanasiti amenipa funguo, akanieleza ambalo hakuwahi kunieleza. Wiki yako ya mwisho yote jiko lako halikuwashwa. Hukuwa na nazi wala mchuzi. Ulikuwa umelala, unahema, yeye anakuwekea uji dirishani. Alitaka kunipigia, ukamkataza: "Mishi asiambiwe, atavuka." Mama, nimecheka! Kisha nikalia mpaka akanishika. Sisi ni watu wa namna gani? Tumeulizana hali kila siku ya Mungu, na hakuna aliyeijua hali ya mwenziwe.

Lakini wewe ulinificha, na mimi nimekuja kujua kwamba ni mapenzi. Mimi nilikuficha, na wewe umekufa hujui. Umeondoka ukidhani viazi vimenishinda kuviacha. Bi Mwanasiti anasema alipokuuliza mbona siji, ulimjibu, "Mwanangu ana shughuli." Wala hukunung'unika. Heri ungenitukana, mama, nikajua umekasirika.

Mjukuu wako Zuhura yuko chuoni Voi. Siku hizi akinipigia, kama kichwa kinaniuma namwambia kinaniuma. Mwanzoni alishtuka akataka kupanda gari aje. Naye akinijibu salama haraka haraka, namwambia hebu ngoja, fikiri kwanza, kisha uniambie. Ananiona nimekuwa mkorofi uzeeni. Sawa tu. Nakuahidi, nyumbani mwangu hakuna mtu atakayeugua kimya tena maadamu mimi nipo.

Bi Mwanasiti ananiita nile, nami nataka niwahi kuvuka. Lala salama, mama yangu, Mungu akupanulie kaburi lako.

Uliniuliza mbona siji. Nilikuwa naumwa, mama. Nilikuwa nimelala chini, siwezi hata kusimama, na niliyekuwa namtaka ni wewe. Sikuwa na kazi yoyote. Nipe radhi.

Mwanao,
Mishi